Kilichobebwa na Kilichobaki

Shangazi yangu wa Masinya hajawahi kuingia makumbusho yoyote. Nilipomwambia kwamba nimetoka Nairobi kuja kutazama michoro ya kale kwenye majabali ya huku mpakani, aliniuliza ni nani aliyefariki. Kwake yeye, mtu havuki mpaka wa Busia katikati ya juma ila kwa msiba au mahari. Tulikuwa jikoni kwake, gombolola ya Masinya, wilaya ya Busia upande wa Uganda, na macho yangu yalikuwa yamenasa kwenye mtungi wa maji uliokaa juu ya kata karibu na mlango. Shingo yake ilikuwa imejaa mistari midogo iliyobanana. Mfinyanzi husokota nyasi, akaziviringisha juu ya udongo ungali mbichi, na kila msokoto ukaacha chapa yake. Vigae vyenye nakshi ya namna hiyo wanaakiolojia huvichimbua sehemu nyingi za kanda ya Ziwa Viktoria. Nikamweleza hayo yote kwa madaha ya mtu wa mjini.

"Huu ni wa maji, mwana wa kaka," akasema. "Ukiupeleka Kampala watauzungushia kamba, hata mimi nisiuguse. Na wewe ukija hapa, maji utakunywa kwenye nini?"

Nimesoma maandishi mengi juu ya kazi ya makumbusho ya sanaa katika zama hizi. Ni machache yaliyouliza swali zuri kama hilo.

Mijini mjadala huu umepamba moto. Mwaka 2019, Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, lilikutana Kyoto likashindwa kukubaliana makumbusho ni kitu gani hasa. Agosti 2022, mjini Prague, wajumbe wakapitisha maelezo mapya: pamoja na kukusanya na kuhifadhi, makumbusho yawe wazi kwa watu wote na yafanye kazi kwa kushirikisha jamii. Mimi nilitaka kuona maneno hayo yanasimamaje mahali ambapo hakuna jumba la sanaa kabisa, ila sanaa yenyewe ipo, na imekuwepo tangu kabla ya huyo anayeitwa mwenyeji kufika.

Kutoka Masinya nilipanda boda boda hadi mjini Busia, mji ambao biashara hiyo ya boda boda ilizaliwa, enzi za baiskeli. Siku hizi huvuki kwa foleni mbili. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili huketi chini ya paa moja, na Mkenya au Mganda hupita kwa kitambulisho chake tu. Mbele yangu alikuwapo mfanyabiashara mwenye furushi la lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mti hadi liwe kitambaa chekundu cha kahawia. Ofisa akaligusa, akanusa vidole, akauliza ni la nini. "Ni la kuuza kwa watalii Nairobi," mwenyewe akajibu.

Ofisa huyo angeweza kuelezwa mengi zaidi. Katika soko la watalii la Nairobi ndiko mchoraji Michael Armitage alikokutana na lubugo kwa mara ya kwanza. Armitage, mzaliwa wa Nairobi, hupaka rangi ya mafuta juu yake badala ya turubai, na matundu na mishono ya gome huachwa ionekane. Mwaka 2021 picha zake zilitundikwa Royal Academy, London, na pamoja nazo alileta kazi za waliomtangulia, wakiwemo Jak Katarikawe na Theresa Musoke. Hao wawili ni wazaliwa wa Uganda ambao Nairobi iliwapokea kwa miaka mingi. Miaka ya Idi Amin iliwasukuma wasanii wengi wa Makerere kuja upande wa Kenya, na historia ya sanaa ya Nairobi haielezeki bila wao. Mwaka 2020 Armitage alianzisha Nairobi taasisi ya sanaa ya kisasa, NCAI, ambayo ina maktaba na haiuzi picha. Hilo la kutouza linawashangaza wengi. Kwa miongo mingi, mahali pa kuona picha ya Katarikawe palikuwa dukani, na picha ikishanunuliwa na mgeni, safari ya uwanja wa ndege inaanza.

Mpaka wenyewe ni mgeni kuliko watu wake. Hadi 1902 nchi hii yote, hadi ng'ambo ya Kisumu, ilihesabiwa kuwa ni Uganda. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya yao nyingine. Wasamia wakajikuta kwenye nchi mbili, na Iteso vivyo hivyo. Vitu vyao navyo viligawanywa: kilichookotwa huku kikaandikwa Kampala, cha kule kikaandikwa Nairobi, na kile kizuri zaidi mara nyingi kikaandikwa Ulaya.

Matatu ya Malaba ilipita Alupe na Adungosi, abiria wakibishana bei ya mahindi kwa Kiswahili, Kiteso na Kisamia kwa mpigo. Malaba nikashuka, nikachukua pikipiki kuelekea vilima vya Chelelemuk. Huko ndiko kuna Kakapel.

Usitarajie lango la fahari. Kakapel ni jabali kubwa la matale lililoinama, likaacha kivuli kama kibaraza. Aliyenipokea alikuwa kijana wa pale pale kijijini. "Yoga!" akanisalimu, nami nikajibu "Yoga noi," na hapo Kiteso changu kikaisha. Alinipa daftari la wageni nijiandikishe. Kisha akanyamaza na kuniacha nitazame, jambo ambalo waongozaji wa majumba makubwa wangejifunza.

Mwanzoni huoni kitu. Jabali lina madoa yake, kuvu na michirizi ya maji. Halafu jicho linazoea, na miduara inaanza kujitokeza, duara ndani ya duara, nyekundu na nyeupe. Kando yake wapo ng'ombe wenye miili mirefu kupita kiasi, wamejipanga. Waliochora si wa zama moja. Watafiti huinasibisha miduara na wawindaji na wakusanyaji wa kale, na ng'ombe na wafugaji waliokuja baadaye. Mtaalamu wa Kenya Osaga Odak aliandika juu ya michoro hii katika miaka ya 1970, na shirika la TARA, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1996 kuhifadhi michoro ya miambani ya Afrika, likashirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kuitangaza. Iteso wenyewe hawadai kwamba ni kazi ya babu zao. Waliikuta, wakailinda. Sijui ni majumba mangapi ya sanaa duniani yanayoweza kusema hivyo juu ya vitu vyao kwa dhamiri safi.

Kilichonileta hasa lakini kilikuwa chini ya michoro, udongoni. Timu ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani walichimba kivulini hapa, na mwaka 2024 wakachapisha matokeo. Kazi yenyewe haina maajabu: udongo unachotwa kwa tabaka, unamwagwa ndani ya maji, na vipande vyepesi vya mkaa vinaelea juu. Vinaopolewa, vinaanikwa, halafu mtu anakaa na darubini kutenganisha mbegu na takataka. Kwa njia hiyo walipata kunde iliyoungua, ya miaka ipatayo 2,300, na wimbi la miaka isiyopungua 1,000. Ni miongoni mwa ushahidi wa kale kabisa wa kilimo cha mimea uliopata kupimwa umri wake katika Afrika Mashariki. Pametumiwa na watu kwa takriban miaka 9,000, wa vyungu vya kale vya mtindo wa Kansyore, wa vyungu vya mtindo wa Urewe, na wa mtungi kama ule wa shangazi.

Kijana wangu aliyajua hayo yote. Alikuwa ameshika jembe katika uchimbaji, akaonyesha shimo lilipokuwa kabla halijafukiwa. Nikamuuliza kunde yenyewe iko wapi. "Iliondoka," akasema, na kidevu chake kikaelekea upande wa Nairobi. Hakusema kwa uchungu. Mbegu iliyoungua inahitaji maabara, na hilo halina ubishi.

Jioni nilifika Amagoro, upande huo huo wa Kenya, sokoni. Mama mmoja alikuwa amepanga mafungu ya majani ya kunde juu ya gunia, akiyanyunyizia maji kwa fundo la nyasi. Nilimweleza kwamba kilomita chache kutoka hapo alipoketi, watu walikuwa wakila kunde miaka zaidi ya elfu mbili iliyopita. Alitafakari kidogo.

"Hao walikuwa wanaweka odii?" akauliza.

Sikuwa na jibu, na watafiti nao hawajasema lolote kuhusu siagi ya karanga. Ila alipowageukia wenzake kuwatangazia habari hiyo kwa Kiteso, kukawa na kicheko, kisha maswali, kisha ubishi mkali kuhusu ni ukoo gani ulileta kunde nchini. Ubishi ulidumu hadi mafungu mawili yakauzwa bila mnunuzi kudai nyongeza. Nilisimama pale nikiwaza: yale matokeo ya Kakapel yaliyochapishwa London, kama yangepigwa chapa kwa Kiteso na Kiswahili, ukurasa mmoja tu wenye picha ya mbegu, yakabandikwa kwenye soko hili, yangefanya kazi kuliko kabati la kioo popote. Gharama yake haifiki ile ya mafuta ya gari moja la utafiti. Hapo ndipo ninapoyadai makumbusho ya kisasa, na deni hilo silioni katika maelezo mapya ya ICOM, pamoja na uzuri wake wote.

Kesho yake nilivuka tena, Malaba safari hii, nikipita kando ya foleni ya malori ambayo mkia wake sikuuona. Tororo sikukaa. Mwamba wa Tororo unauona kabla ya mji, umesimama peke yake na minara ya simu kichwani, na vumbi la saruji la viwanda vya pale huwa halikosi. Wapandaji hulipa, wanapanda ngazi, wanapiga picha, wanashuka. Mbale nikabadilisha gari. Dereva alinionyesha upande wa Mutoto, uwanja ambako Wagisu hufungulia msimu wa imbalu, tohara ya vijana wao, kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Ni uwanja wazi, majani na miti, na vijana waliopakwa unga. Mwaka usio wa imbalu hakuna cha kutazama, na hakuna anayelalamika.

Nyero iko nje kidogo ya mji wa Kumi, kwenye barabara ya Ngora. Hapa serikali imefika: kuna bango, kuna kibanda cha mapokezi, kuna kiingilio. Tangu 1997 Nyero na maeneo mengine ya michoro ya mashariki mwa Uganda yamo katika orodha ya awali ya UNESCO, yakisubiri. Vivuli ni sita. Cha pili ndicho kinachoshinda vyote. Ukuta wa jabali unapanda juu, mwingine umejitokeza kama dari, na katikati kuna miduara myekundu, duara ndani ya duara, zaidi ya arobaini ukihesabu na maumbo mengine. Wengine wanaona mitumbwi. Baadhi ya hiyo mitumbwi imechorwachorwa na watu waliotaka majina yao yabaki pia. Ukisogea karibu sana, wekundu unapotea, unabaki na chembe za jiwe. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, duara linajikusanya tena. Nilifanya mchezo huo mara nyingi hadi mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Mapokeo ya Nyero yamekwisha kuandikwa. Watu walikuja hapa na sadaka wakati wa ukame, wakati wa misiba, wakati mwanamke hajapata mtoto. Wazee waliomba mvua. Mahali palikuwa na kazi, na kazi hiyo ilihitaji chakula, pombe ya wimbi na watu. Nikamuuliza mlinzi kama bado wapo wanaokuja kuomba. Akasema wapo wachache. Nikauliza kama nao wanalipa kiingilio. Akacheka na kutazama barabarani, nami nikaacha.

Nje ya eneo lililolindwa, kando ya barabara, nilisikia nyundo. Akina mama walikuwa wameketi juu ya mawe, chini ya vitambaa vilivyofungwa kwenye miti minne, wakiponda kokoto. Jabali huwashiwa moto hadi lipasuke, vipande vikasukumwa chini, kisha nyundo ndogo zinamalizia. Mmoja alikuwa amefunga vidole vyake kwa mpira wa tairi asijigonge. Lundo lake lilikuwa la kimo cha goti.

"Mama, hamwogopi kuvunja jabali lenye michoro bila kujua?"

"Yenye michoro tunaijua, mwanangu. Ile ina askari." Hakusimamisha nyundo. "Hii haina askari. Hii inalipa karo. Ile inamlipa nani?"

Ninao marafiki wahifadhi wa urithi ambao wangemjibu kwa semina. Mimi nadhani amesema kweli tupu, na kwamba michoro ya kanda hii haitaokolewa na bango wala na orodha ya UNESCO iwapo lundo la kokoto ndilo peke yake linalofikisha mtoto shuleni. Nyero ikiwa na kibanda cha kuuza chai, vyungu na mikeka ya akina mama hawa hawa, kiingilio chake kikawa na fungu linalojulikana la kijiji, mambo yatabadilika. Hilo si jipya. Kisiwani Mfangano, Ziwa Viktoria upande wa Kenya, Makumbusho ya Amani ya Abasuba yaliundwa na wenyeji mwaka 2000 na ndiyo yanayowapeleka wageni kwenye michoro ya Mawanga na Kwitone.

Kampala nayo ina la kufundisha, ingawa safari hii sikufika. Makumbusho ya Uganda yalianza mwaka 1908 kwenye kilima cha ngome ya Lugard, na kwa kuwa humo mlijazwa vitu vya mizimu na uganga, watu walipaita nyumba ya mayembe, yaani ya pembe za uganga, wakapaepuka. Jengo la sasa la Kitante, lililosanifiwa na Ernst May, lilifunguliwa 1954. Katika miaka hiyo mhifadhi wake alikuwa Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki, na ngoma, zeze na marimba za ukumbini zilipigwa na wanamuziki walioajiriwa, mbele ya wageni. Kwa hiyo wanaposema leo kwamba makumbusho yanapaswa kuwa hai, Kampala ilikwisha kujaribu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 2011 serikali ilitaka kiwanja hicho kwa ajili ya mnara wa biashara wa ghorofa 60. Watetezi wa urithi walikwenda mahakamani, na jengo bado limesimama. Sidhani mahakama ingewasikiliza kama ni nyumba ya mayembe tu ndiyo iliyotetewa. Kilichotetewa kilikuwa mahali ambapo maelfu ya watoto wa shule walikuwa wameona ngoma ikipigwa.

Juni 2024 makumbusho hayo yalipokea vitu 39 kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge, vingi vikiwa vilikusanywa na mmisionari John Roscoe zaidi ya karne moja nyuma. Vimekuja kwa mkopo, kwa kipindi cha kwanza cha miaka mitatu. Mkopo! Upande wa Kenya, mradi wa kuorodhesha vitu vya Kenya vilivyo ng'ambo ulihesabu zaidi ya 32,000 katika taasisi 30. Nikiwa pale Nyero, mgongo wangu umeegemea jiwe lenye joto la jua la alasiri, niliona bahati ya ajabu ya mchoro uliopakwa kwenye kitu kizito. Kilichobebeka kilibebwa. Hiki hakikubebeka, kikabaki na mvua yake, kokoto yake na ubishi wake, na yeyote anayetaka kukiona lazima aje, asalimie, na aulizwe ametoka kwa nani.

Usiku huo mjini Kumi, katika hoteli ya kula, niliketi meza moja na mwalimu wa shule ya msingi ya jirani. Tuliagiza atap, ugali wa wimbi, na kunde. Aliponisikia nataja Nyero akafurahi, akaniambia shule yake imekwisha kuchangisha fedha za ziara: darasa la saba wanakwenda Kampala kuona makumbusho. Basi litaondoka usiku wa manane.

"Mwalimu, Nyero wamekwenda lini?"

"Nyero?" Alimeza tonge kwanza. "Ndugu yangu, Nyero ni hapa. Wazazi hawawezi kuchangia hapa."

Nikamwambia habari ya Kakapel, mbegu inayoelea majini, wimbi la miaka elfu moja. Alisikiliza vizuri, akauliza mambo mawili matatu kuhusu jinsi umri unavyopimwa, akaandika kitu nyuma ya risiti. Kisha akaanza kupiga hesabu kwa sauti: watoto sitini, kwa miguu hapana, kwa lori la mwenyekiti wa wazazi labda, kiingilio cha wanafunzi, uji. Alitaka kujua kama pale Nyero kuna kivuli cha kutosha watoto sitini kula wakiwa wameketi, na kama kuna mtu atakayewaeleza kwa Kiteso.

Nikamwambia kivuli kipo. La pili nikamshauri amwendee yule mlinzi mwenyewe, tena mapema, kabla fedha za Kampala hazijalipwa zote kwa mwenye basi.

"Zimelipwa nusu," akasema. "Mwenye basi ni shemeji yangu. Nitazungumza naye."